Wajukuu wakienda kwa bibi Tanga wapewe kazi

Mie ni mtoto wa Tanga, nimezaliwa na kukulia Ngamiani kwenye hizi barabara zetu za namba, ila maisha yakanipeleka Dodoma, nikaolewa huko, kazi iko huko na wanangu watatu wote wamezaliwa huko huko. Likizo ndefu zote tunashuka Tanga kwa mama yangu, na Ramadhani ikiangukia likizo ndo raha zaidi. Katika kwenda na kurudi kote huko kuna jambo moja nimelishika na natamani kila mzazi anayeishi mbali na kwao alisikie. Mtoto akifika kwa bibi yake akakalishwa sebuleni akaletewa sahani, anarudi ameshiba basi. Akipewa kazi, anarudi anamjua bibi yake. Na sizungumzii kazi za kumtesa mtoto, nazungumzia zile kazi za jikoni na uani ambazo bibi mwenyewe anazifanya kila siku na anazipenda.

Mama yangu ni mtu wa kupokea wageni haswa. Mkifika tu, mabegi hamjayatua, keshaweka maji ya kuoga, keshamimina chai ya mchaichai na iliki, kuna vitumbua, kuna mahamri na mbaazi za nazi, wajukuu wakisema shikamoo bibi anaitikia marahaba huku anawapapasa vichwa kuangalia nani karefuka. Akishawalisha anawaambia kaeni hapo mpumzike wanangu, mmechoka na safari. Na watoto wa siku hizi ukishawaambia pumzika wanapumzika kweli kweli, mkubwa na simu yake, wa kati na rimoti, mdogo kajilaza kwenye kochi. Mapenzi yapo tena mengi, lakini maongezi ni yale ya shule vipi, nzuri bibi, umeshakula, nimeshakula bibi, imeisha hiyo. Likizo nzima inaweza kwisha kwa maongezi ya namna hiyo na kila mtu akaagana na mwenzie anampenda ila hamjui.

Sasa wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwetu aliyeitimiza hiyo ni harusi ya jirani. Huku kwetu harusi ya jirani ni yako, huulizwi kama una nafasi, wanawake wanaitana baada ya sala ya alfajiri, huyu anachagua mchele, huyu anamenya vitunguu saumu, na uani kwa mama ndo palipoletwa nazi zote za wali na mchuzi. Nazi lundo, magunia kwa magunia, mikono haitoshi. Mama akatazama kule sebuleni, akaita, hebu njooni nyote hapa, leo hakuna mgeni. Mbuzi za kukunia nazi zikatolewa, za kwetu na za kuazima, masinia yakapangwa chini, na binti yangu mkubwa ambaye Dodoma nazi anaijua ikiwa kwenye pakiti akakalishwa kwenye mbuzi kwa mara ya kwanza.

Hapo nataka nieleze vizuri maana ndo nilipojionea mwenyewe. Mama alimkalisha mtoto upande, kanga kamfunga yeye mwenyewe kiunoni, akapiga magoti nyuma yake akaweka mikono yake juu ya mikono ya mtoto. Usiisukume nazi kwa nguvu, akamwambia, unaizungusha, anza kwenye ukingo ndo uingie katikati, kidogo kidogo, uchukue laini. Ukiona ile kahawia karibu na kifuu acha hapo, ukiendelea tui linakuwa na rangi mbaya. Wakakuna hivyo mikono minne kwenye kifuu kimoja, machicha yanadondoka meupe kwenye sinia, mpaka nazi ya tatu ya nne hivi mama akatoa mikono yake taratibu na mtoto hakugundua, akaendelea mwenyewe. Yule wa kati, wa kiume, akapewa kukamua, maji ya vuguvugu kidogo tu, unafinya kwenye chujio, linatoka lile tui zito linawekwa pembeni, alafu machicha yanarudishiwa maji linatoka tui jepesi, na akaambiwa asije akayachanganya maana kila moja lina wakati wake. Mdogo akapewa kubeba vifuu kuvipeleka kwenye moto na machicha yaliyokamuliwa kuwapelekea kuku. Kazi ndogo hiyo ila alikuwa anakimbia nayo kama katumwa na serikali.

Niseme kidogo kuhusu watoto wa kiume maana najua kuna watu watauliza. Kwetu pwani ukiona sufuria kubwa za shughuli zinapikwa nje, wapishi wa pilau na biriani wengi ni wanaume, tena wanaume wenye heshima zao. Kwa hiyo hili la kusema mtoto wa kiume asikanyage jikoni silikubali na mama yangu halikubali, wote walipewa kazi sawa.

Lakini jambo kubwa la siku ile halikuwa nazi. Mikono ya mama ikiwa kazini mdomo wake unafunguka. Kwenye kochi ukimuuliza habari za zamani anakujibu aah ni maisha tu mwanangu, tulikuwa tunaishi. Pale kwenye mbuzi binti yangu kamuuliza kitu kidogo tu, bibi wewe nani alikufundisha kukuna, na mama akasema kanifundisha mama yangu, tena yeye alimfundisha mpaka baba yangu. Watoto wakacheka, babu alikuwa anakuna nazi? Ndo mama akaanza. Akasema baba yake hakuwa mtu wa pwani, alikuja kijana mdogo kabisa kutoka nyanda za juu kusini, alikuja manamba, kukata mkonge kwenye shamba moja upande wa Muheza. Alikuwa na kipande chake, ile kadi ya kazi inayopigwa alama kila siku unayomaliza, na siku zisipotimia hakuna mshahara. Alianza kukata majani akaishia korona, kwenye mashine inayochambua jani likatoka singa. Nazi alikuwa hajawahi kuiona, mara ya kwanza kulishwa wali wa nazi aliuliza kwa nini wali unanukia hivi. Alipomuoa bibi yangu, ambaye ni Mdigo wa huku huku, mama mkwe akampa mbuzi, akamwambia ukitaka kukaa na sisi kaa hapa. Akakaa, na hakurudi tena kwao mpaka anazikwa.

Mie nilikuwa najua babu alitoka bara. Ila la kipande, la mama mkwe kumpa mbuzi, la kuuliza kwa nini wali unanukia, nimeyasikia siku ile nikiwa mtu mzima na watoto watatu, na nimeyasikia kwa sababu mwanangu aliuliza akiwa na nazi mkononi.

Alafu likatokea jingine. Mume wangu ni Mbena wa Njombe. Kwa heshima za ukwe huwa hakai karibu na mama, siku ile alikuwa kule pembeni karibu na ukuta anafua nazi kwenye kifuo, ile ncha ya kutolea makumbi, pamoja na vijana wa mtaani. Mama akawa anawasimulia watoto kwamba baba yake mpaka uzee wake akiamka asubuhi alikuwa haamkii kama watu wa pwani, alikuwa anasema kamwene. Mume wangu akaacha kifuo akasimama. Akasema mama, umesemaje? Mama akarudia, kamwene. Mume wangu akaitikia kwa kilugha chake, akauliza na mengine, mama anakumbuka maneno mawili matatu tu ila anayakumbuka vizuri kabisa na sauti yake, na tangu siku hiyo mama anamwita mume wangu mwana wa kwetu. Miaka yote ya ndoa hiyo walikuwa wanaheshimiana tu kwa mbali. Nakwambia hata sasa nikiandika hapa nasikia raha.

Na wali wa siku ile, nauelezea kwa ufupi kwa wale wanaopenda kujua tunapikaje. Nazi mbili nzuri kwa kilo ya mchele, siyo moja. Tui jepesi linatangulia jikoni na chumvi, unalikoroga mpaka lichemke lisikatike, ndo unamimina mchele uliooshwa, maji yakikaribia kukauka unaweka tui zito juu, unafunika, unapunguza moto wa chini na unapalia makaa juu ya kifuniko. Usifunue funue. Mambo ya tui la pakiti yanasaidia siku ya haraka, sikatai, mie mwenyewe ninayo kabatini, lakini harufu ile ya nazi iliyokunwa asubuhi ikapikwa mchana haimo kwenye pakiti yoyote.

Baada ya harusi ikawa desturi. Asubuhi mmoja wao lazima aende na bibi soko la samaki Deep Sea, na wanagombea zamu. Bibi anawafundisha kuangalia jicho la samaki, liwe angavu limevimba, lisiwe limezama lina ukungu, unafunua matamvua yawe mekundu, unabonyeza nyama kwa kidole irudi. Anawafundisha pia kusoma bahari, kwamba wakati wa kusi upepo ukiwa mkali vyombo vidogo haviendi mbali na samaki wanakuwa bei juu, kwa hiyo siku hiyo usilie na nguru, nunua vibua au dagaa ukapike vizuri. Hilo mie naona ni somo la matumizi ya pesa kuliko nitakalowafundisha mie kwa maneno. Yule wa kati ndo akakabidhiwa pesa, akawa anaambiwa bei na anaomba apunguziwe kwa adabu, shikamoo kwanza, ndo bei, na wale wavuvi wazee wanampenda, akirudi anatuhesabia chenji mpaka shilingi ya mwisho.

Samaki wa kupaka ndo akawa fundi wake. Changu anachanwa mistari pande zote mbili, anapakwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa, anakaa kidogo. Anawekwa kwenye makaa, siyo kwenye ndimi za moto. Huku pembeni tui zito linachemka na pilipili, bizari kidogo na maji ya ukwaju mpaka linakuwa zito la kushika kijiko. Samaki akishaiva upande mmoja unampaka, unamgeuza, unampaka tena, tui linakaukia juu yake linafanya ngozi ya njano inayong'aa, na unarudia mpaka bakuli linaisha. Inataka mtu asiye na haraka. Mwanangu huyu shuleni wanasema hatulii, ila pale kwenye jiko la mkaa na upawa wake anatulia mpaka samaki wa mwisho, kachuchumaa, jasho linamtoka, ukimwambia njoo ule anakwambia bado huyu mmoja hajakolea.

Ramadhani ina kazi yake nyingine ambayo mie naiona ndo bora kuliko zote, kupeleka sahani. Ikikaribia magharibi kila nyumba inatoa chakula kwenda kwa jirani, wewe umepika mihogo ya nazi, yule tambi, yule vibibi, yule kaimati, na sahani iliyokuja kwako hairudi tupu, inarudi na cha kwako. Wanaobeba ni watoto. Mama anawapa sahani imefunikwa kawa anawaambia hii kwa bi mkubwa wa mlango wa kijani, mpe salamu zangu, muulize mguu unaendeleaje, na hii kwa yule mwalimu mstaafu, yeye hali sukari usimpelekee kaimati, mpelekee magimbi. Mtoto akizunguka hivyo mwezi mzima anajua mtaa wote, anajua nani mgonjwa, nani kafiwa, nani mtoto wake yuko Mombasa, nani alisoma na mama yake. Mwanangu huyu wa mwisho siku hizi tukishuka kwenye bajaji pale mtaani anaitwa jina lake na watu ambao mie inabidi nifikirie kwanza ni nani. Mtoto aliyezaliwa Dodoma ana mtaa Tanga. Hilo huwezi kumnunulia.

Safari zenyewe nazo zimebadilika. Zamani ilikuwa ni usingizi na simu kutoka Dodoma mpaka tunafika. Sasa chakula cha njiani wanapika wao usiku kabla ya safari, chapati, mayai ya kuchemsha, viazi, vinaingia kwenye hotipoti, na mie sipendi watoto wangu wale chipsi za kila kituo. Morogoro tunapita, Chalinze tunakata kushoto, Msata kuna mananasi, mto Wami, Mkata, mpaka Segera ambapo wa Moshi na Arusha wanaendelea na sie tunakata kulia. Kwa njia hii Kabuku ndo macho ya watoto yanafunguka, maana mashamba ya mkonge yanaanza, mistari mirefu imenyooka inakwenda mpaka macho yanaishia, na wao sasa siyo mashamba tu, ni alikofanya kazi babu.

Ndo nikapata nafasi ya kuwasimulia ya kwangu. Kwamba mkonge asili yake siyo huku, asili yake ni Meksiko, na aliyeuleta ni Mjerumani mmoja aitwae Richard Hindorf mwaka 1893, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida Marekani na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani, na kutokana na hiyo michache ndo yakatoka mashamba yote mnayoyaona. Mwaka huo huo 1893 ndo Wajerumani wakaanza kujenga reli kutokea Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi 1911. Na nchi yetu ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, mwaka 1964 zilizalishwa tani zaidi ya 230,000. Binti yangu akauliza sasa hizo tani zote nani alikata. Nikamwambia waliokata ni kina babu, mmoja mmoja kwa panga. Akakaa kimya anaangalia dirishani mpaka Hale. Muheza tukanunua machungwa kwa kufuata agizo la bibi, chagua yenye ganda jembamba na mazito mkononi, wakachagua wao, mie sikugusa.

Lushoto tulipanda siku moja, kutoka Mombo ni kilomita kama 33 za kona na bonde liko chini yako, baridi nzuri, matunda tele, tukapiga picha tukashuka na kapu la mapeasi. Nzuri, ila siyo hiyo wanayoisimulia watoto.

Wanayoisimulia ni ya mapango ya Amboni, na nadhani ni kwa sababu bibi alikwenda nasi. Ni karibu, kama kilomita 8 kutoka mjini barabara ya kwenda Horohoro, mama amezaliwa Tanga na mara ya mwisho aliingia humo akiwa msichana wa shule. Alfajiri watoto na bibi yao wakapika vyakula vya kubeba, kachori, mihogo ya kukaanga na chachandu yake, pweza kidogo kwenye kibakuli. Kule ndani ni giza la kweli, unaongozwa na mwongozaji mwenye tochi, mawe ya chokaa maji yameyachonga miaka na miaka, kuna sehemu ukumbi mkubwa popo wanakupita juu ya kichwa na kuna sehemu unapita kwa kuinama. Mwongozaji akatueleza kwamba mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima, pango refu kabisa likaonekana lina urefu wa mita 900. Mama akamsikiliza kwa heshima, alafu akawaambia wajukuu sie tulivyokuwa wadogo tuliambiwa pango moja linatokea Mombasa na jingine linakwenda mpaka mlima Kilimanjaro, na mbwa aliyeingia huku alitokea kule. Watoto wakauliza kipi ni kweli. Mwongozaji akasema vipimo ndo hivyo, na hadithi ndo hiyo, vyote ni vya hapa. Kuna sehemu watu wanafanyia matambiko, mama akawaambia wapite hapo kwa adabu bila kelele, wakapita.

Kwenye sehemu ya kupita kwa kuinama mama magoti yanamsumbua, na aliyemshika mkono ni yule wa kati, anamwambia bibi taratibu, inama hapa, sasa nyanyuka, kwa sauti ile ile ambayo bibi anamfundishia yeye jikoni. Tulipotoka nje tukatandika mkeka chini ya mti tukala, na nakwambia kachori zile zilikuwa zimepoa na zilikuwa tamu kuliko chakula chochote cha hoteli nilichowahi kula. Watoto wakala pweza na chachandu na pilipili zake zote, wao wenyewe, bila kubembelezwa. Mtoto chakula alichokipika anakila, hili jaribuni kwenye nyumba zenu muone.

Turudi Dodoma sasa, maana kuna mtu atasema hayo ni ya likizo tu. Safari moja tulipokuwa tunaondoka binti yangu akaomba tupite soko la Mgandini, akachagua mbuzi, akaukagua meno ya chuma kama alivyofundishwa, akakaa nao mapajani kwenye basi njia nzima. Nazi Dodoma zinapatikana soko la Majengo, bei siyo ya Tanga lakini zipo, na wanajua kuitikisa nazi wasikie maji yake kabla ya kulipa. Jumapili mie na baba yao hatupiki.

Na simu imepata kazi ya maana. Walipoanza kujifunza mkate wa kumimina ilikuwa kila hatua ni kumpigia bibi kwa video. Mchele unalowekwa usiku, asubuhi unasagwa kwenye blenda na tui zito, sukari, iliki, hamira, unaachwa uumuke. Kinachosumbua ni kujua umeumuka kiasi gani, ukiuwahi unakuwa mgumu, ukiuchelewesha unakuwa mchachu. Basi simu inashikwa juu ya bakuli, bibi kule Ngamiani kavaa miwani anasogeza uso, anasema bado, nataka nione vitundu vitundu juu, haya nipigieni baadae. Wanampigia baadae. Anasema sasa pasheni sufuria, pakeni mafuta, mimina, sikia ulie shiii, ukinyamaza sufuria haijapata moto. Wanamsogezea simu asikie mlio. Moto wa chini mdogo, makaa mengi juu ya kifuniko, na hapo ndo maongezi yanaingia maana inabidi kusubiri, bibi anawaambia mtaa umekuwaje, nani kajifungua, yule bi mkubwa wa mlango wa kijani anawasalimu, na wao wanamwambia ya shule, siyo yale ya nzuri bibi, wanamwambia kabisa mwalimu gani mkali na nani kagombana na nani. Bando linaisha na mie nanunua jingine, silalamiki.

Nikiulizwa na mzazi mwenzangu aanzie wapi namwambia mtangulie bibi kwa simu, muombe kabisa, mama nakuomba wajukuu zako uwafanyishe kazi, maana bibi wengi wanaogopa mzazi atachukia, atasema mtoto kaja kupumzika anasagishwa. Alafu ukifika wewe mzazi jitoe. Usisimame pale jikoni unasema achia hiyo utaungua, nipe nikufanyie, unamkatisha bibi na unamkatisha mtoto. Mdogo asikae na kisu wala moto, hilo bibi analijua kuliko wewe, amelea wewe na upo mzima. Na kama bibi anaishi bara kazi zipo vile vile, kupeta karanga, kuchambua mlenda, kukama ng'ombe, kila mahali bibi ana kazi anayoipenda. Jambo ni wakae chini pamoja mikono ikiwa na kitu, na asiwepo mtu wa kuwaharakisha.

Mwezi wa kumi na mbili huu mama ndo anakuja kwetu. Atapanda basi mpaka Morogoro, pale tutampokea aingie treni ya mwendokasi hii iliyoanza 2024 mpaka Dodoma, na wajukuu wameshamuonya asisinzie. Kajiuliza atakaa kaa tu huko bara kuna nini. Watoto wamemjibu wameshampangia, atafundishwa kusonga ugali wa uwele na kupika mlenda na jirani yetu Mgogo wa nyumba ya pili ambaye ndo mwalimu wao, na kaambiwa ajiandae na kanga ya kufunga kiunoni. Yeye kajibu sawa, ila karanga za kuunga huo mlenda azikute zimeshamenywa, na wa kati tangu jana anamenya.